Daktari wa familia kwa vijiji vya Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa udaktari, vijana waliomaliza juzi utarajali (kazi ya mafunzo hospitalini baada ya shahada), wazazi wao, na madiwani wa halmashauri zetu. Nimeyapanga kadiri yanavyofuatana katika mazungumzo. Pale ninapotoa maoni yangu, nitasema ni maoni yangu.

Daktari wa familia ndiye daktari gani?

Ni daktari aliyemaliza shahada ya udaktari, akafanya utarajali wa mwaka mmoja, kisha akasomea ubingwa wa tiba ya familia kwa miaka 3 au 4 kutegemea chuo. Bingwa wa moyo anaujua moyo, bingwa wa watoto anawajua watoto. Huyu amebobea katika watu wa eneo fulani, wa umri wote, wakiwa wazima na wakiwa wagonjwa, na anabaki nao maradhi yakipona na yakirudi.

Ichukue nyumba moja katika kijiji cha mwambao, kusini mwa Wilaya ya Uvinza. Baba mwenye nyumba amepooza upande wa kulia tangu mwaka jana. Vidonge vyake vya presha vimo kwenye kikopo cha plastiki juu ya kabati, na ukilinganisha na tarehe vilivyotolewa vimebaki vingi mno, kwa sababu anameza siku ambazo kichwa kinamuuma tu. Mkwe wake ana mimba ya miezi 7, na kadi inaonyesha amehudhuria kliniki mara moja. Ukimuuliza kwa upole atakwambia boti ya kwenda kituo cha afya huondoka alfajiri na kurudi jioni, na yeye ndiye anayemgeuza baba mkwe kitandani ili asipate vidonda. Mjukuu wa miaka 6 ana tumbo gumu upande wa kushoto, bandama unaipapasa kwa vidole, na kutwa anaogelea ziwani, ambako kichocho kipo.

Hospitali kubwa ingewapokea watu hawa siku tofauti, vyumba tofauti, na kila mmoja angeondoka na dawa zake. Daktari wa familia anaona kwamba kliniki ya mjamzito haitawezekana mpaka apatikane mtu wa kumgeuza mzee. Kwa hiyo kabla hajaandika chochote anazungumza na shemeji anayeishi nyumba ya pili na mhudumu wa afya wa kijiji. Dawa ya mzee anaipanga iwe ya kumeza mara moja kwa siku, wakati wa chai ya asubuhi, na anamweleza kwamba presha haina kawaida ya kuuma. Mtoto anampima malaria palepale na kumwagizia kipimo cha choo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Inahitaji kufundishwa kwa muda na kwa usimamizi, sawa na upasuaji.

Si ni daktari wa kawaida aliyepewa jina zuri?

Hapana. Daktari aliyetoka utarajali ana msingi mpana, ila hajapata muda wa kukomaa chini ya mwalimu. Ubingwa huu una mtaala, mitihani na wasimamizi wake. Makerere, Uganda, walianza kufundisha fani hii mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret mwaka 2005, na Afrika Kusini iliitambua rasmi kuwa ubingwa mwaka 2007. Kwetu, Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, kimekuwa kikiifundisha kwa miaka mingi.

Kwa nini afundishwe huku? Asome Dar es Salaam, akimaliza apangiwe Kigoma.

Kupangiwa kumejaribiwa sana. Kijana anapata barua, anaripoti, anapambana kwa muda, kisha anaanza kuandika maombi ya uhamisho. Simlaumu. Miaka 5 ya shahada na mwaka wa utarajali aliitumia katika hospitali ambayo kila mgonjwa alishachujwa na zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya kabla ya kumfikia. Alizoea kuagiza vipimo vingi kwa mkupuo, na akikwama kumwita bingwa wa ghorofa ya juu. Akifika kituo cha afya chenye kipimo cha haraka cha malaria, cha wekundu wa damu, cha mkojo na altrasaundi moja, anajiona hana chochote mkononi. Watu husema amekimbia upweke, au amekimbia giza la kijijini. Kwa vijana wengi niliozungumza nao, kilichowaondoa ni hofu ya kumpoteza mgonjwa kwa kutojua la kufanya. Hofu hiyo ni ya mtu mwadilifu. Inaondoka kwa kufundishwa katika mazingira hayohayo, mwalimu akiwa pembeni.

Magonjwa nayo hayafanani. Mapori ya Kasulu na Kibondo yana historia ndefu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mrina asali anakuja na homa ya wiki mbili, kipimo cha haraka cha malaria kinasoma hana, anapewa antibayotiki, anarudi homa ikiwa palepale. Zamani kila mwenye homa alitolewa damu ikasomwa kwa hadubini, na mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitafuta vimelea vya malaria aliweza kuviona vya malale kwenye kioo hichohicho. Kipimo cha haraka kimeokoa watu wengi sana, lakini kinaona malaria peke yake. Daktari wa huku lazima awe na mazoea ya kuuliza "umekuwa porini? kuna kidonda mahali ulipoumwa na mbung'o?" na kuomba hadubini hata kama hakuna aliyeigusa siku hiyo. Mazoea hayo huyapati kwenye slaidi za darasani. Unayapata siku mwalimu wako anapokurudisha kwa mgonjwa uliyemwandikia dawa na kukuambia umuulize tena anafanya kazi gani.

Duniani kote jambo hili limechunguzwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2010 kuhusu kupata na kubakiza watumishi wa afya vijijini, likauhuisha mwaka 2021. Unashauri kuchukua wanafunzi waliokulia vijijini, kuweka vyuo nje ya miji mikuu, kuwapeleka wanafunzi kwenye mafunzo ya vitendo vijijini na kuifanya mitaala iendane na kazi ya huko. Japani walianzisha Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi mwaka 1972: kila mkoa unapeleka vijana wake, ada wanakopeshwa, na deni linafutwa baada ya kutumikia mkoa wao takribani miaka 9 ukihesabu na mafunzo. Australia walifungua shule ya udaktari katika Chuo Kikuu cha James Cook, Townsville, mwaka 2000, mbali na Sydney na Melbourne. Kanada walifungua ya kwao ya kaskazini mwa Ontario mwaka 2005, na wanafunzi wake wanakaa kwenye miji midogo kwa miezi mfululizo. Karibu na sisi, KwaZulu-Natal kuna mpango wa ufadhili ulioanza mwaka 1999 kwa vijana wa vijijini, ambao wanasomeshwa na kurudi kufanya kazi katika hospitali za kwao.

Maoni yangu ni haya: ukiwa na fedha kidogo na unalazimika kuchagua kati ya posho nono ya mazingira magumu na mafunzo yaliyofanyika hapahapa mkoani, anza na mafunzo. Posho ifuate, nayo inastahili. Ila posho peke yake inamnunulia mtu miezi michache tu, kisha anaondoka na hofu yake.

Kwani matabibu na wauguzi tulionao hawatoshi?

Matabibu, yaani wale wenye stashahada ya utabibu, na wauguzi ndio waliobeba afya ya mkoa huu, na yeyote anayekuja na ubingwa wake akiwadharau hatafaa kitu. Kuanzia mwaka 2006, kwa ufadhili wa Bloomberg Philanthropies, vituo vya afya kadhaa vya Kigoma vilijengewa uwezo wa kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto, na waliofundishwa kuufanya hawakuwa madaktari wa shahada: madaktari wasaidizi walishika kisu, wauguzi na matabibu wakafundishwa kutoa dawa za usingizi na ganzi. Kina mama ambao zamani wangesafiri kutwa nzima wakapasuliwa karibu na kwao. Kigoma ilionyesha wazi kwamba ujuzi ukisogezwa, watu wanakuja.

Ilionyesha jambo la pili pia, na hili halisemwi sana. Ujuzi ulioshikwa na mtu mmoja huondoka naye. Mpasuaji akihamishwa, au mtoa usingizi akienda masomoni, chumba cha upasuaji kinakaa kimefungwa na vifaa vyake vizuri. Daktari wa familia anatakiwa awe mtu wa kufundisha wengine kila wiki, ili akiondoka yeye, kazi isisimame. Tabibu wa zahanati akiwa na mgonjwa anayemtatiza, awe na namba ya kupiga na mtu wa kumjibu bila kumkaripia.

Anafundishwa nini hasa?

Kwanza yale ya dharura, kwa sababu hayasubiri. Kupasua na kumtoa mtoto, kutoa ganzi ya uti wa mgongo, kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, kutibu kifafa cha mimba, kumwezesha mtoto asiyelia kupumua katika dakika ya kwanza. Kunyoosha na kufunga mfupa wa dereva wa bodaboda. Kuweka mpira wa kifuani. Kukusanya na kutoa damu salama pale ambapo benki ya damu iko mbali. Sitaki mtu adhani haya yanatosha kusomwa. Yanarudiwa mpaka mikono iyajue saa nane usiku, taa ya umeme wa jua ikiwa imefifia.

Halafu yale ya muda mrefu, ambayo kwa kweli ndiyo mengi: presha, kisukari, VVU, kifua kikuu, kifafa, pumu, msongo na magonjwa ya akili, huduma ya tulizo kwa mgonjwa wa saratani aliyerudishwa nyumbani. Mgonjwa wa kifafa anayemeza dawa kwa miaka bila kukatiza anahitaji daktari anayemjua mama yake, mwalimu wake na mwenye duka anayemkopesha nauli. Hili wanafunzi hulichukulia jepesi, na ndilo gumu.

Eneo la tatu ni kuangalia afya ya watu wote wa eneo, pamoja na wale wasiofika mlangoni. Mwanafunzi afundishwe kufungua vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za huduma za kituo, na kuuliza: kijiji kile hakijaleta mtoto wa surua mwaka mzima, ni kwa sababu wamechanjwa, au kwa sababu hawaji? Ajue kuzungumza na mwenyekiti wa kijiji, mchungaji na shehe. Ajue pia kupokea mlipuko. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kililipuka, na MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma. Mkoa unaopakana na Burundi na, kwa majini, na Kongo, hauwezi kuwa na daktari ambaye hajawahi kupanga kambi ya kuwanywesha watu maji ya chumvichumvi na kuwatenganisha wagonjwa na wazima ndani ya saa chache.

Mwisho ni kujua mpaka wa uwezo wake. Kuchelewa kutoa rufaa kunaua, na kutoa rufaa ovyo kunaifilisi familia.

Nani atamfundisha huko kijijini, wakati mabingwa wenyewe hawapo?

Walimu wapo wengi kuliko tunavyohesabu. Mkunga aliyezalisha kwa miaka 25 atamfundisha kusoma uchungu wa kujifungua kuliko kitabu chochote. Mtoa usingizi wa kituo cha afya atamfundisha ganzi. Wanachohitaji ni kutambuliwa kuwa walimu, kupewa muda wa kufundisha ndani ya zamu, na kulipwa kwa hilo. Juu yao awepo bingwa mmoja anayesimamia wanafunzi wachache anaowajua kwa majina na kwa makosa yao.

Mpangilio ninaoutetea ni huu. Mwaka wa kwanza awe zaidi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, akizunguka wodi zote. Wa pili awe hospitali ya halmashauri. Wa tatu akae kituo cha afya, na kutoka hapo aende zahanati na nyumbani kwa watu. Kwa yale ambayo Kigoma haina kwa wingi, aende Hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa wiki kadhaa na kurudi. Kila wiki kuwe na saa ya kujadili wagonjwa kwa njia ya video na wenzake walio wilaya nyingine. Mtandao ukikatika, wajadili kwa simu ya kawaida. Muhimu ni kwamba saa hiyo haifutwi.

Je, huku kuna wagonjwa wa kutosha wa kujifunzia?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 mkoani Kigoma, katika halmashauri 8. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, ipo tangu 1996. Wagonjwa wapo, wanaokosekana ni wa kuwaangalia.

Kwa hiyo wanakijiji wanafanywa wa kujifunzia?

Swali hili liliulizwa na mama mmoja kwenye mkutano wa kijiji, na nilifurahi kwamba aliliuliza mbele ya watu. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa nani ni mwanafunzi na nani ni msimamizi, na ana haki ya kukataa kuguswa na mwanafunzi bila kukosa huduma. Mwanafunzi hafanyi jambo peke yake mpaka msimamizi amemwona akilifanya sawasawa mara nyingi. Nitasema na hili: kijana aliyeletwa peke yake moja kwa moja kutoka utarajali, bila mtu wa kumsimamia, naye anajifunzia kwa wagonjwa. Tofauti ni kwamba huyo hana wa kumsahihisha, na mgonjwa hajaambiwa.

Lazima ajue Kiha?

Kiswahili kinatosha kuanza, ila kwa bibi wa Buhigwe au Kakonko anayeeleza maumivu ya ndani, hakitoshi. Tunamtaka mwanafunzi ajifunze angalau salamu, namna ya kuuliza maumivu, choo, mkojo, hedhi na usingizi, na kuelewa jibu. Salamu za Waha hazikimbizwi. Ukizikatisha ili uwahi foleni, mgonjwa naye atakatisha maelezo yake na utabaki na nusu ya habari. Na tafadhali, mtoto wa mgonjwa asitumike kutafsiri mambo ya uzazi ya mama yake. Mwite muuguzi.

Kuna kitu gani cha Kigoma ambacho mtaala wa taifa hauna?

Vipo vingi, nitataja kimoja. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haivuti samaki, na wavuvi wanabaki nchi kavu kwa siku kadhaa. Kliniki ikipangwa kila Jumanne ya kwanza ya mwezi kwa sababu ndivyo kalenda ya ofisi ilivyo, mvuvi anayetumia dawa za kifua kikuu au VVU atakosa nusu ya miadi, na kwenye faili ataandikwa "mtoro". Ipange kliniki ya mwambao kwa kufuata mwezi wa angani, na mpe dawa za kutosha anapohamia kambi nyingine ya uvuvi. Mwanafunzi aliyelala kijiji cha wavuvi analiona hili wiki ya kwanza. Aliyekaa mjini ataandika ripoti kuhusu utoro wa wavuvi.

Serikali inaleta kambi za madaktari bingwa kila halmashauri. Si zinatosha?

Kambi hizo zinasaidia, na watu waliosubiri miaka wamepata upasuaji. Ila bingwa anakaa siku chache. Mwenye kisukari anahitaji daktari mwezi huu, na mwezi ujao, na mwaka kesho. Mabingwa hao wangefanya kazi kubwa zaidi kama wangemkuta mwenyeji aliyeshawachambua wagonjwa, na wakiondoka wanamwachia yeye mishono na dawa za kufuatilia.

Nimemaliza utarajali. Nikienda kijijini si nitasahaulika?

Naielewa hofu yako, mdogo wangu, na sitakudanganya kwamba haina msingi. Wapo waliosahaulika. Kabla hujakubali nafasi yoyote, uliza maswali haya na usione aibu: Kuna daktari mwingine wa kupokezana naye zamu? Kuna nyumba ya mtumishi, na inaishika? Nani msimamizi wangu, na nitamwona kila baada ya muda gani? Nitapelekwa lini masomoni, na je, halmashauri imeliweka hilo kwenye mpango wake wa mafunzo?

Uliza na hili: nitafanywa mganga mfawidhi? Halmashauri nyingi hufurahi kumpata daktari hata kumkabidhi kituo kizima siku ya pili. Anajikuta anaandika taarifa, anafuatilia madai ya bima, anahudhuria vikao, na wodi inabaki kwa tabibu. Ujuzi wake unaota kutu. Mwaka wako wa kwanza omba ukae na wagonjwa.

Kuhusu mwenza: watumishi wengi huondoka kwa uhamisho wa kumfuata mwenza, na hakuna mkataba utakaoishinda ndoa. Kama mwenzako ni mwalimu, muuguzi au afisa wa kilimo, mseme mapema muombewe nafasi pamoja. Kama anajitegemea, aje akae huku kwa muda kabla hamjaamua. Wapo waliokuja kwa wasiwasi na sasa wana mashamba ya michikichi.

Mwanangu yuko kidato cha tano Kibondo, anasoma PCB. Anaweza kufika huko?

Anaweza, mzazi wangu, na ndiye tunayemtafuta. Tahasusi ya PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, ndiyo mlango wa kawaida. Akikosa alama za kuingia chuo kikuu mara moja, stashahada ya utabibu ni ya miaka 3, na wapo waliotoka utabibu wakasonga hadi shahada ya udaktari kwa ufaulu mzuri. Hao huwa madaktari wazuri sana wa vijijini kwa sababu hawashangai kitu. Afuatilie mikopo ya Bodi ya Mikopo na ufadhili unaotangazwa na serikali kwa masomo ya sayansi.

Kitu kinachowaangusha watoto wa kwetu mara nyingi hakiko kichwani mwao. Ni maabara ya shule isiyo na kemikali, na fomu za maombi zinazojazwa mtandaoni siku ambayo kijiji hakina mtandao. Halmashauri inayotaka madaktari kesho ingeanza hapo leo, kwa walimu wa fizikia na kemia na kwa mtu mmoja wa kuwasaidia watoto kujaza fomu.

MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, inajenga kampasi Kigoma. Hiyo haitamaliza tatizo?

Ni habari njema sana, na kwa mkoa ulio zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Dar es Salaam ni jambo ambalo wazee wetu hawakuliota. Lakini majengo yakiwa Kigoma na wanafunzi wakijifunzia mjini tu, tutakuwa tumehamisha Dar es Salaam kuileta Kigoma mjini. Ombi langu kwa wenye maamuzi ni kwamba Kakonko, Buhigwe na mwambao wa Uvinza wawe sehemu ya mafunzo tangu mwaka wa kwanza, na sehemu ya nafasi itengwe kwa vijana waliosoma shule za vijijini.

Mgonjwa akizidiwa usiku na kituo hakiwezi, daktari anafanyaje?

Anaanza kumtuliza mgonjwa kabla ya kutafuta gari: njia ya hewa, damu, maji, dawa ya kwanza. Kisha anapiga simu hospitali inayompokea, aseme kwa sentensi tano nani anakuja na nini kimefanyika. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga kuna mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, namba 115, bila malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kwa vijiji vya mwambao ziwa likichafuka hakuna boti inayotoka, na hapo ndipo ujuzi wa aliye kituoni unapokuwa ndio kila kitu.

Bima ya Afya kwa Wote inahusikaje?

Sheria yake ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Kadi inalipia huduma iliyopo. Mtu wa Kalya, mwambao wa Uvinza, mwenye kadi akiambiwa huduma yake iko Kigoma mjini, nauli na malazi ya ndugu vitabaki mfukoni mwake. Bima na daktari wa karibu vinapaswa kwenda pamoja.

Halmashauri yetu ianzie wapi, na tunahitaji wangapi?

Mheshimiwa diwani, maoni yangu ni kuanza na wawili kwa kila halmashauri, yaani 16 kwa mkoa. Wawili, kwa sababu daktari mmoja hawezi kuitwa kila usiku mwaka mzima akabaki mzima. Mmoja awe zamu hospitalini, mwenzake awe kwenye vituo vya afya na zahanati, kisha wapokezane. Mmoja akienda likizo au kumzika ndugu, wagonjwa hawabaki yatima.

Kwenye bajeti ijayo wekeni nyumba mbili zenye maji na umeme wa uhakika, vyumba vya kulala wanafunzi jirani na kituo cha afya kimoja mlichokichagua, na mafuta ya gari au boti ya kuzungukia zahanati, kwenye kasma yake yenyewe isiyochukuliwa kwa safari za vikao. Chagueni watumishi wawili watatu mlionao, tabibu au daktari kijana anayependwa na wagonjwa, muingize majina yao kwenye mpango wa mafunzo pamoja na mkataba wa kurudi ulioandikwa wazi: miaka mingapi, kituo gani, nyumba ipi. Mkataba usomwe na pande zote mbili kabla ya kusainiwa, na familia ya kijana iwepo. Na akirudi na ubingwa wake, apangiwe kazi aliyoisomea, si dawati la ofisi ya mganga mkuu.